Bosi Aliyepotea Katika Sinema ya Mazombi

Wasikilizaji mlio Mulot, Longisa na kule juu kwenye chai, Silibwet na Kapkoros, na ndugu zetu wa ng'ambo ya Mto Amala, upande wa Narok: jioni ya leo sizungumzii bei ya mahindi wala barabara. Nazungumzia sinema ya mazombi kutoka Japani.

Wazee wangu, msibadilishe stesheni. Habari hii ni ya kazi na ujira kuliko ilivyo ya maiti wanaotembea, na nyinyi mliowahi kubeba kikapu mgongoni katika mashamba ya kampuni mtaielewa haraka kuliko vijana walioitazama sinema hiyo kwenye simu.

Sinema yenyewe inaitwa Zom 100: Bucket List of the Dead. Ilitoka kwenye Netflix tarehe 3 Agosti 2023, chini ya mwelekezi Yusuke Ishida. Kisa chake kilianza kama manga, hadithi za michoro ambazo Japani husomwa na wakubwa kwa wadogo. Iliandikwa na Haro Aso na kuchorwa na Kotaro Takata kuanzia mwaka 2018. Aso ndiye pia aliyetunga Alice in Borderland, ambayo najua vijana wengi hapa wameikesha. Kwa hiyo si kazi ya mtu asiyejua kusimulia. Na ndiyo maana nimevunjika moyo, maana sinema hii ilishika mkononi kisa kikubwa kuliko karibu sinema zote za mazombi nilizoona, halafu ikakiachilia kianguke.

Stering ni kijana anayeitwa Akira Tendo, anayeigizwa na Eiji Akaso. Ametoka chuoni, amepata kazi katika kampuni ya kutengeneza vipindi, na siku ya kwanza anaingia akiwa na uso wa furaha. Anakaribishwa vizuri. Jioni inafika, lakini hakuna anayeinuka kwenda nyumbani. Usiku wa manane wangali mezani. Kunapambazuka, wangali mezani. Bosi wake, Kosugi, anamtupia kazi juu ya kazi na matusi juu ya matusi. Mwaka unapita hivyo. Chumba chake kinajaa takataka, macho yanaingia ndani, anatembea kama mtu ambaye mwili wake umekodishwa na yeye hayumo.

Asubuhi moja anatoka na kukuta watu wanaliwa. Mazombi wanamfukuza, Tokyo inawaka moto, na katika mbio hizo kinachomtesa akilini ni kwamba atachelewa kazini. Kisha linamjia wazo: leo hakuna kazi. Kesho pia hakuna. Anapiga kelele za furaha katikati ya maangamizi, na dunia iliyokuwa ya kijivu inajaa rangi.

Hapo nilisimamisha muvi nikairudisha nyuma kuitazama tena. Ni dakika chache tu, lakini zinasema jambo zito: kwamba mtu huyu alikuwa zombi tangu zamani, na siku mazombi walipokuja ndipo yeye alipofufuka.

Wajapani hawakulitoa jambo hili hewani. Kufa kwa sababu ya kazi kupita kiasi, karoshi, ni jambo ambalo serikali yao inalitambua na kulilipia fidia. Siku ya Krismasi ya mwaka 2015, msichana wa miaka 24, Matsuri Takahashi, mfanyakazi wa kampuni kubwa ya matangazo ya Dentsu, alijiua baada ya kufanyishwa zaidi ya saa 100 za ziada kwa mwezi. Mamlaka ya Japani ilithibitisha kwamba kilichomuua ni kazi. Mwaka 2017 mahakama iliitoza Dentsu faini ya yen 500,000, pesa ambayo kampuni kama ile haiisikii hata kidogo mfukoni. Mwaka uliofuata ndipo manga ya Aso ilipoanza kuchapishwa. Msomaji wa Tokyo aliyemwona Akira amelala juu ya meza ya ofisi hakuhitaji kuelezwa.

Lakini ngoja niwapeleke mbali zaidi ya Tokyo, kwa sababu bila safari hii hamtaelewa uchungu wangu.

Zombi hakuzaliwa Japani, wala hakuzaliwa Hollywood. Alizaliwa shambani. Alizaliwa Haiti, ilipokuwa koloni la Ufaransa, ambako Waafrika waliouzwa utumwani walikatishwa miwa mpaka wakafa, na meli zikaleta wengine wa kujaza nafasi zao. Mwaka 1791 watumwa hao walianza vita, na mwaka 1804 wakajitangazia uhuru. Vita vilikwisha, hofu haikuisha: hofu kwamba hata kifo hakitakutoa shambani, kwamba mchawi atakuinua kaburini ukaendelee kulima. Zombi wa Haiti hali nyama ya mtu, hang'ati, hamkimbizi mtu. Anafanya kazi tu, mchana na usiku, bila kulalamika. Wa kuogopwa katika masimulizi hayo ni mwenye kummiliki.

Mmarekani William Seabrook aliyapeleka masimulizi hayo kwao katika kitabu chake cha mwaka 1929, wakati Haiti ilipokuwa chini ya wanajeshi wa Marekani, na mwaka 1932 ikatoka sinema White Zombie, inayohesabiwa kuwa ya kwanza ndefu ya mazombi. Kuna mandhari moja mle ndani ambayo haijazeeka. Ni kiwanda cha sukari. Wafu wamebeba vikapu vya miwa kichwani, wengine wanasukuma mashine ya kusaga. Mmoja anateleza, anaanguka ndani ya mashine. Hakuna anayegeuka. Mashine haisimami. Wenzake wanaendelea kusukuma. Bwana wa kiwanda, anayeigizwa na Bela Lugosi, anaonyesha mali yake kwa mgeni bila haya.

Aliyebadilisha mambo ni George Romero, kwa Night of the Living Dead ya mwaka 1968. Wafu wake wanakula watu, tena hawana mwenyewe. Hakuna anayewatuma. Ni sinema nzuri sana, na sina ugomvi nayo, lakini tangu siku hiyo yule bwana wa shamba alitoweka katika sinema za mazombi. Meno yalibaki, bosi akaondoka. Miaka hamsini na zaidi tumekuwa tukiogopa meno.

Na sisi Afrika Mashariki tunakijua kisa cha zamani, kile chenye bosi. Vuka mpaka uingie Tanzania uulize habari za msukule. Watakusimulia kwamba mtu hufa, watu wakalia, wakazika, kumbe kilichozikwa ni gogo la mgomba. Mwenyewe amefichwa, amekatwa ulimi, analishwa pumba, na usiku analima shamba la aliyemchukua. Magazeti ya Dar es Salaam yamekuwa yakiandika kwa miaka mingi habari za watu waliozikwa kisha wakaonekana wakitembea kijijini. Mchungaji Josephat Gwajima alijipatia jina kubwa kwa ibada za kuwarudisha misukule kabla hajawa mbunge wa Kawe mwaka 2020. Watengeneza filamu wa huko nao waliingia katika hofu za wafu mapema: mwanzoni mwa miaka ya 2000 Mussa Banzi alikuwa ameshatoa Nsyuka, kwa kamera ndogo na pesa kidogo.

Siwaambii muamini misukule. Nawaomba mtazame kinachoogopwa ndani ya masimulizi hayo. Kinachoogopwa ni kufanyishwa kazi na mtu mwingine, gizani, bila ujira, bila ulimi wa kusema inatosha. Pwani ya Tanzania ilikuwa na mashamba ya mkonge, Unguja na Pemba zilikuwa na mashamba ya karafuu yaliyolimwa na watumwa. Mimi naona watu hawakuitoa mbali hofu hiyo.

Sasa rudini nami huku kwetu. Mulot yenyewe ni mahindi na mifugo, lakini nyumba nyingi hapa zina mama, shangazi au kaka aliyepanda kwenda kuchuma chai. Brooke Bond na James Finlay walifungua mashamba makubwa ya Kericho katika miaka ya 1920, na tangu hapo watu wa eneo hili wanajua maana ya siku inayopimwa na mtu mwingine. Unaamka kabla ya jua, umande unakulowesha hadi kiunoni, unachuma majani mawili na kichipukizi, na jioni mzani ndio unaosema kama ulifanya kazi au hukufanya. Mwezi wa Februari mwaka 2023, BBC ilipotoa uchunguzi wake juu ya mashamba yaliyokuwa yakiendeshwa kwa miaka na Unilever na James Finlay, wanawake zaidi ya 70 walieleza kwamba wasimamizi wao waliwadhulumu kingono. Mama mmoja mwenye watoto, akijua kwamba akisema hapana kesho hana kazi: huyo naye amekatwa ulimi, na hakuna mganga aliyehitajika. Mwezi wa Mei mwaka huo huo, vijana wa Kericho walichoma moto mashine za kuchuma chai, wakidai zimewanyang'anya riziki. Polisi wakafika, na kukawa na kifo.

Unaona basi hali yetu ilivyo. Huku watu wanaogopa kazi inayowala, na wakati huo huo wanaogopa kukosa hata hiyo. Nimejiuliza sana: kijana wa Mulot ambaye hajawahi kupata ajira ya kuikimbia, akimwona Akira anarukaruka kwa furaha kwamba kazi imeisha, atamwelewa? Magazeti ya Nairobi yakiutaja mji wetu huutaja kwa wizi wa laini za simu. Siutetei wizi huo, umeumiza watu wengi maskini. Lakini najua pia kwamba watoto waliomwona baba akirudi na mgongo uliopinda na mfuko mtupu hawakuona sababu ya kuifuata njia yake. Nadhani kijana huyo atamwelewa Akira, kwa kuwa Akira hafurahii uvivu. Anafurahi kwa sababu siku yake imekuwa yake.

Na hapo ndipo sinema ilipopaswa kuendelea. Siku ikiwa yako, utafanya nini nayo? Akira anaandika orodha ya mambo mia moja anayotaka kuyafanya kabla hajawa zombi. Ni wazo zuri. Anampata rafiki yake wa zamani, Kencho, na msichana, Shizuka, ambaye ameandika orodha yake ya namna ya kubaki hai. Mmoja anataka kuishi, mwingine anataka asife, na kati ya mambo hayo mawili kuna mazungumzo ya maana. Lakini orodha inageuka haraka kuwa starehe za siku moja moja, na wahusika wanaanza kusimama na kuelezana mafunzo kwa sauti, kana kwamba sisi watazamaji hatuna akili ya kuyaona wenyewe. Mapigano yenyewe ni machache na hayakui. Muvi ya zaidi ya saa mbili, na kwa muda mrefu katikati yake mazombi wanakuwa mapambo ya barabarani.

Halafu linakuja jumba la maonyesho ya samaki, na mimi nikakaa sawa kwenye kiti. Watatu hao wanafika huko wakitafuta vazi ambalo papa hawezi kulitoboa, kwa sababu Akira anataka kuwa shujaa. Wanakuta watu wamejificha mle ndani, wana chakula, wana ulinzi, wana utaratibu. Na anayewaendesha ni nani? Kosugi. Bosi yule yule. Dunia imekwisha, serikali haipo, mshahara haupo, kampuni imeungua, na bado mtu huyu amepata watu wa kuwaamrisha. Akira anapomwona, mabega yanaanguka. Anaanza tena kusema ndiyo. Anarudi katika kazi bila kufungwa pingu, bila kutishwa kwa kisu, kwa sababu mwili wake umezoea sauti ile.

Wasikilizaji, hapo Ishida alikuwa ameshika kitu ambacho sinema za mazombi zilikipoteza tangu mwaka 1968. Alikuwa amemrudisha bwana wa shamba. Alikuwa na maswali yote mkononi. Kwa nini watu wanamtii Kosugi wakati hana cha kuwalipa? Ni nini hasa kilichokuwa kikimfunga Akira mwaka mzima ule, kama si pesa? Mtu aliyezoea kuamrishwa anawezaje kuamka? Nilitaka kuwaona hao wengine waliomo katika jumba, wale wanaofua na kupika na kubeba, nijue majina yao, nijue walivyolala usiku wa kwanza chini ya amri zake. Nilitaka Akira na Kosugi wakae uso kwa uso mpaka mmoja ashindwe kusema.

Badala yake anatokea papa. Papa aliyegeuka zombi, ameota miguu ya watu aliowameza, anatembea nchi kavu akitafuna watu. Sinema inamgeukia yeye kwa moyo wote, maji yanaruka, vioo vinavunjika, Akira anavaa lile vazi, na ule mvutano wa mtu na bosi wake unakosa nafasi ya kuiva. Adui aliyejengwa tangu dakika za kwanza, mwenye sauti, mwenye jina, mwenye dhambi tunazozijua, anabadilishwa na samaki ambaye hana kisa chochote na Akira.

Mtu ataniambia: mzee, hiyo ni burudani, mbona unaibebesha mzigo wa Haiti na Kericho? Sikubali. Kwenye kibanda cha video, juu ya mabenchi ya mbao, watazamaji wanajua sheria. Muvi ikiwa imesimuliwa na DJ Afro, msimulizi wetu wa muvi, utasikia jinsi anavyohakikisha kwamba hata mtoto anajua stering anamtafuta nani na kwa kosa gani. Akina kaka wa kibandani wanaweza kusamehe damu ya rangi na milipuko ya uongo. Hawasamehi adui mkuu aliyejengwa saa nzima kisha akasahauliwa. Bosi huachwa wa mwisho, na stering humkabili kwa mkono wake. Sinema ya vitendo ndiyo inayodai hivyo kuliko nyingine yoyote, kwa sababu ndani yake ngumi ndiyo maneno. Ngumi ya Akira kwa papa haisemi lolote.

Wala si kwamba Wajapani hawawezi. Mwaka 2000 Ryuhei Kitamura alitoa Versus, watu wachache msituni, wafu wanaoinuka, panga na bastola, na Tak Sakaguchi akipigana karibu saa mbili. Haina falsafa kubwa, lakini inajua inachotaka na inakifuata mpaka mwisho. Mwaka 2015 Shinsuke Sato akatoa I Am a Hero, ya mchoraji msaidizi mwoga mwenye bunduki asiyethubutu kuitumia, na mle ndani wafu wanarudia maneno na vitendo vya maisha yao ya kila siku. Kuna kitu pale ambacho mtu wa ofisini atakitambua akiwa amekaa gizani. Kisha mwaka 2017 Shinichiro Ueda akatengeneza One Cut of the Dead kwa takriban yen milioni 3, waigizaji wasiojulikana, dakika 37 za mwanzo zimepigwa bila kukatwa, na ikaingiza zaidi ya yen bilioni 3 huko Japani. Hiyo nayo ni sinema ya kazi. Inawaonyesha watu wa kamera na vipodozi na sauti wakihangaika kuimaliza kazi waliyopewa kwa bajeti mbovu na ratiba isiyowezekana, na inawapenda watu hao mmoja mmoja. Kila kinachoanzishwa kinarudi kikiwa na sababu. Nikiilinganisha na Zom 100, iliyokuwa na Netflix nyuma yake, naona kwamba pesa haikuwa tatizo.

Kuna jambo moja ninalolitamani, na nalisema waziwazi hewani ili mwenye uwezo alisikie. Tuna vijana Bomet na Narok wenye simu zinazopiga picha safi kuliko kamera nyingi zilizotumika Dar es Salaam miaka ishirini iliyopita. Tuna mashamba ya chai yenye ukungu wa asubuhi ambao hakuna studio ya Tokyo inayoweza kuununua. Tuna nyapara, mzani, karani, safu za nyumba za kambi, na masimulizi ya bibi zetu. Fanyeni ya kwenu. Mwekeni bosi ndani, na msimtoe mpaka amejibu.

Na kama baada ya haya yote bado unataka kuiona Zom 100, itazame mwanzo wake kwa makini, mpaka pale Akira anapogundua kwamba haendi kazini. Kisha isogeze mbele hadi kwenye jumba la samaki, umwangalie Eiji Akaso anapoisikia sauti ya Kosugi kwa mara ya kwanza. Tazama mabega yake. Papa akitokea, unaweza kuzima.